Kukabidhi na Kusaliti: Historia ya Kitenzi cha Kilatini "Tradere"

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza kitenzi kimoja cha Kilatini, *tradere*. Kitenzi hiki kimeundwa na *trans*, yaani kuvuka, na *dare*, yaani kutoa. Maana yake ya asili ni kukabidhi: kitu hutoka mkononi mwa mmoja kikafika mkononi mwa mwingine. Chenyewe hakisemi kama tendo hilo ni jema au ni ovu. Ndiyo maana katika Vulgata, 1 Wakorintho 11:23, kitenzi hicho kimetumika mara mbili: Paulo amewakabidhi Wakorintho yale aliyoyapokea, na Bwana anatiwa mikononi mwa adui zake.

Maana hizo mbili zilikutana kwa uchungu katika Kanisa la Afrika ya Kaskazini. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yateketezwe. Waliosalimisha vitabu vitakatifu waliitwa *traditores*. Baadaye Wadonato walimkataa Kaikiliano, askofu wa Karthago, wakidai kwamba Feliksi wa Aptunga aliyemweka wakfu alikuwa mmoja wao. Baraza la Arles la mwaka 314 liliamua kwamba kosa la namna hiyo halibatilishi wakfu uliotolewa. Nalo Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 8, linawakataa Wadonato kwa jina, likifundisha kwamba sakramenti zina nguvu hata zikitolewa na watu waovu.

Kiingereza kilirithi watoto wa kitenzi hiki, wengi kwa njia ya Kifaransa. *Tradition*, mapokeo, na *treason*, uhaini, yote mawili yametoka katika nomino moja, *traditio*. *Traitor*, msaliti, ni *traditor* yule yule. Na katika *betray*, kusaliti, *tradere* ingali imo.

Kiswahili kimechagua njia nyingine. Neno letu "mapokeo" hutazama mkono wa anayepokea; Kilatini hutazama mkono wa anayetoa. Sisi tulioitwa kufundisha twahitaji yote mawili. Hatuna budi kukumbuka kwamba *traditores* hawakulaumiwa kwa kuyatoa Maandiko, bali kwa kuwapa wale waliotaka kuyachoma. Wala hatuwezi kukwepa hatari hiyo kwa kufumba mkono, kwa maana imani isiyokabidhiwa hukoma na aliyeishika. Basi kila tunapopanda mimbarani tunatenda tendo la kitenzi hiki. Na imetupasa kujiuliza tunakabidhi nini, na kwa nani.