Mto, Nyumba na Shamba: Historia ya Makazi katika Bonde la Rufiji

Katika mafunzo ya siasa tumezoea kuieleza Operesheni Rufiji kwa sentensi moja: mto ulifurika mwaka 1968, wananchi wakahamishiwa mahali pa juu, wakaokoka. Sentensi hiyo si ya uongo. Lakini inaficha swali ambalo kada anayekwenda kufanya kazi vijijini hana budi kulijibu kwanza: mkulima wa Rufiji alijenga kando ya mto kwa sababu gani, na alijikinga vipi kabla sisi hatujafika kumkinga?

Tuanze na uchumi, maana makazi hufuata kazi. Mto Rufiji hufurika wakati wa masika, na maji yake huacha tope lenye rutuba. Mpunga uliopandwa mapema hukua pamoja na maji. Yakipungua, mkulima hupanda mahindi au pamba katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho wenyeji hukiita mlau. Mabwawa ya bondeni nayo hupata samaki upya. Kwa hiyo mto ulikuwa adui na mlezi kwa wakati mmoja, na mwaka ambao haukufurika ulitisha pia.

Nyumba ilijengwa kufuatana na hali hiyo. Familia zilikaa mbalimbali juu ya kingo zilizoinuliwa na tope la miaka mingi, ambazo hufikiwa na maji baadaye kuliko ardhi iliyo nyuma yake. Tena walijenga dungu: nguzo ndefu zilizochimbiwa ardhini, sakafu ya miti juu yake, ngazi, na paa la nyasi. Watu, chakula na mbegu vilikaa juu. Mtumbwi ukawa karibu. Ukuta wa udongo hulowa chini ukaanguka, bali nguzo huyaacha maji yapite. Na kutoka dunguni mkulima alilinda shamba dhidi ya nguruwe mwitu, nyani, ndege na viboko. Jengo moja lilikuwa kinga dhidi ya maji na dhidi ya njaa.

Tusilipambe dungu kupita kiasi. Mafuriko ya 1968 yalileta hasara kubwa, na Serikali ilikuwa na wajibu wa kutenda. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kupitishwa mwaka 1967, nayo TANU ikaona katika maafa hayo nafasi ya kuwakusanya watu waliotawanyika. Wananchi wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu, wengi wao upande wa kaskazini wa mto. Shule, zahanati na barabara zikawa rahisi kuwafikia. Hayo ni maendeleo, na hatuyaonei haya.

Kosa lilikuwa hapa: nyumba ilihama, shamba likabaki. Ardhi ya juu ilikuwa ya kichanga, haina ule unyevu wa bondeni, na shamba lisilo na mlinzi usiku ni mali ya nguruwe. Basi msimu ulipofika, familia zilirudi bondeni kukaa dunguni, watoto wakiwemo, na shule iliyojengwa kwa ajili yao ikawakosa. Wako viongozi waliouita mwendo huo ukaidi. Sisi tunauita hesabu ya mkulima, nayo ilikuwa sahihi. Mwongozo wa TANU uliowataka viongozi wawashirikishe wananchi katika mipango inayowahusu ulitoka mwaka 1971, wakati operesheni ilikwisha kutekelezwa.

Suala hili halikubaki la zamani. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena katika nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Sasa maji ya bondeni hayategemei mvua peke yake, yanategemea pia milango ya bwawa, na mzee aliyejua kuusoma mto hawezi kuisoma milango hiyo kutoka dunguni kwake. Hapana budi habari ya maji kufunguliwa imfikie kabla ya maji yenyewe, kwa mjumbe wa mtaa wake anayejua ni nani aliyelala shambani usiku huo.