Mwili mdogo, mtungi mzito: Jinsi ya kupiga mbizi bila kuumia mgongo

Ukienda kupiga mbizi Mnemba, Pemba au Mafia, kazi ngumu haipo chini ya maji. Ipo kwenye boti.

Mtungi wa alumini wa lita 11, unaotumika sana, una kilo 17 hivi ukijaa hewa. Ongeza jaketi, kifaa cha kupumulia na vipande vya risasi, unavuka kilo 20. Kwa mtu wa kilo 50, huo ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake.

Ukishaingia majini mzigo huo hausikiki. Kinachotesa ni hatua chache za nchi kavu na ngazi ya boti. Fanya hivi:

1. Omba mtungi mdogo
Wenye miili midogo mara nyingi hutumia hewa kidogo, hivyo mtungi wa lita 9 au 10 unaweza kukutosha. Mwambie mkufunzi kabla ya safari.

2. Vaa ukiwa umekaa
Kaa kwenye benchi, mtungi ukiwa nyuma yako, mwenzako aushike. Kaza mkanda wa kiunoni ili nyonga zisaidie mabega. Ukisimama, tumia miguu, usipinde mgongo.

3. Au vaa majini
Jaza jaketi hewa, mabaharia walishushe baharini, kisha livalie humo humo. Mwambie nahodha mapema, na bahari iwe shwari.

4. Usibebe risasi za bure
Jipime mwisho wa mbizi, mtungi ukikaribia kuisha. Toa hewa yote kwenye jaketi, vuta pumzi ya kawaida na uizuie kidogo. Maji yakifika usawa wa macho, uko sawa. Ukizama moja kwa moja, risasi zimezidi.

5. Kabla ya kupanda, pokelewa mzigo
Toa risasi kwanza, halafu jaketi na mtungi. Miwani ibaki usoni mpaka uwe ndani ya boti.

Hili la mwisho wengi hulionea aibu, wakidhani wataonekana wanadeka. Lakini baada ya mbizi, mwili bado unatoa naitrojeni iliyoingia ukiwa chini. Kunyanyua vitu vizito muda huo kunaweza kuongeza hatari ya viputo mwilini, na ugonjwa wa viputo hivyo unaweza kupoozesha hata kuua.

Kwa hiyo mabaharia wakinyoosha mikono, wape mtungi.