Pangaboi si feni tu

Ukitaja pangaboi, wengi hutazama darini, kwenye feni. Neno hili lina kazi kubwa zaidi: hutaja pia mapanga yanayozunguka na kuiendesha ndege. Mwaka 1978, NASA iliingiza ndege nzima, XV-15, katika handaki la upepo huko Ames, California, lenye upana wa mita 24 na kimo cha mita 12. Mapangaboi ya ndege hiyo yalielekea juu ilipopaa kama helikopta, kisha yaliinamia mbele na kuivuta. Hapo, kasi ikiwa kubwa, ndipo penye hatari: pangaboi na bawa vikianza kuyumbishana, bawa laweza kuvunjika. Heri kulijua hilo handakini kuliko angani. Na neno rafadha, lenye maana hiyohiyo, je? Neno zuri, ila mimi nawaachia mabaharia. Kwa ndege hii, tuseme pangaboi.