Sampu fupi na kona kali

Mwaka 1957 Colin Chapman wa Lotus, kule Uingereza, alitoa Lotus Seven: kigari cha viti viwili, chepesi, kilicholala chini kabisa. Wengi walikinunua kikiwa vipande wakakiunga wenyewe nyumbani, maana hivyo walikwepa kodi ya ununuzi. Injini zake zilitoka kwenye magari ya kawaida ya familia, kama Ford Anglia. Kasheshe ikaanzia hapo.

Sampu ya gari la familia ina kina, na gari lenyewe liko juu, kwa hiyo hakuna shida. Ukiiweka kwenye kigari kama Seven, ndiyo inayotangulia kugonga jiwe. Ikipasuka, oili yote chini. Basi si unaikata tu, iwe fupi? Ngoja kwanza. Kona ikikusukuma pembeni kwa nguvu sawa na uzito wako, uso wa oili hulala nyuzi 45. Oili ikiwa chache, mdomo wa pampu unabaki mtupu, unavuta hewa, beringi zinakauka na injini inanoki.

Ndiyo maana sampu fupi nzuri hutanuliwa ubavuni ili kurudisha ujazo, na ndani huwekwa kuta za kuizuia oili isikimbie. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 ilishapita njia nyingine: oili ikahamishiwa kwenye tangi la pembeni, injini ikashushwa. Safi sana, ila inadai pampu ya ziada, mabomba na tangi, yaani hela. Na mteja wetu alianza safari hii akikwepa kodi!