Safari Hulipwa kwa Nini?

Mtu wa Ainabkoi, upande wa Eldoret, akiuliza New York ni mbali kiasi gani, siku hizi hujibiwa kwa saa. Tangu Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi, jibu limekuwa saa 15 hivi. Kilomita zinazokaribia 11,800 hutajwa baadaye, kama zitatajwa. Ni rahisi kudhani kwamba ndege ndiyo iliyotufundisha kupima njia kwa muda. Mapokeo mawili ya kwetu yalitangulia kufanya hivyo, na mojawapo lilipima kwa uaminifu zaidi.

La kwanza ni la bahari. Kutoka Muscat hadi Zanzibar ni kama kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka, lakini nahodha wa jahazi hakuwa na haja na hesabu hiyo. Alitazama pepo. Kaskazi, inayovuma Desemba hadi Machi, ilimleta Afrika Mashariki. Kusi, inayoingia Aprili, ilimrudisha kwao. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Wakuwait mwaka 1938 na 1939, aliona majuma mengi yakiishia bandarini na katika mikoko ya delta ya Rufiji, boriti zikikatwa na kupakiwa. Kwa nahodha, siku hizo za kungoja zilikuwa sehemu ya safari sawasawa na siku za tanga.

La pili ni la miguu. Kaptagat, wadi iliyomo katika eneo bunge la Ainabkoi, iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na ndiko alikofanyia mazoezi mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge. Oktoba 12, 2019, jijini Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kwenye mbio ndefu za Alhamisi huko Kaptagat, kilomita 40 hazikubali mwendo huo: kuna vilima, hewa ni nyepesi, na mvua ikinyesha udongo hunasa viatu. Kilomita ni zilezile. Dakika ndizo zinazoongezeka.

Rubani naye hupima njia kwa muda vivyo hivyo. Kwenda New York ni saa 15, kurudi ni kama 14, kwa kuwa pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Tofauti iko kwenye malipo. Nahodha aliulipa upepo kwa subira, mkimbiaji anakilipa kilima kwa mwili wake, rubani analipa kwa mafuta.

Ila hesabu ya ndege ina kasoro: inaanzia Nairobi. Haimo matatu ya kwenda Eldoret, haimo ndege ya karibu saa nzima au basi la usiku la kilomita 300 na ushei, wala saa za foleni na kusubiri uwanjani. Nahodha asingeziacha nje. Kwa hiyo anayempangia mzazi safari ya kwenda kumwona mwanawe Marekani, aanze kuhesabu mzazi anapofunga mlango wa nyumba Ainabkoi. Atapata zaidi ya siku nzima, mchana na usiku, na huo ndio umbali ambao mwili wa mzee utaulipia.