Tairi Jipya, Gurudumu la Zamani

Kiswahili kina neno zuri, gurudumu, lakini mtaani tumelisahau. Gurudumu likichomoka tunasema tairi limechomoka. Ukipita Sakina, kwenye barabara ya Namanga, mteja anamwambia fundi pancha, "Nibadilishie tairi," na fundi inabidi aulize: mpira peke yake, au na ringi yake? Kwa gari la juzi swali hilo ni dogo. Kwa Land Rover ya miaka ya 1960, ni swali la uhai.

Sababu iko kwenye historia. John Boyd Dunlop aliposajili tairi lake la upepo mwaka 1888, upepo ulikaa ndani ya mpira mwingine. Kwa miongo mingi iliyofuata, tairi la gari lilikuwa na tyubu ndani na nyuzi zilizopishana kimshazari. Mwaka 1946 Michelin wakasajili tairi la radio, ambalo nyuzi zake hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Miaka ya 1950 yakaenea matairi yasiyo na tyubu. Land Rover ya kwanza ilitoka 1948, yaani katikati ya mabadiliko hayo, ikiwa na ringi za enzi ya tyubu.

Arusha nayo imo katika hadithi hii. Kiwanda cha General Tyre kilianza kuzalisha hapa mwaka 1971, na kwa miaka mingi magari ya nchi hii yalitembelea mpira wa Arusha. Uzalishaji ulisimama 2009. Siku hizi fundi anafunga kinacholetwa kutoka nje, na mara nyingi kilichotengenezwa kwa ajili ya ringi za kisasa.

Hapo ndipo penye shida. Ringi ya kisasa ina kinundu kidogo kinachozunguka ndani, kinachouzuia ukingo wa tairi usiteleze upepo unapopungua. Ringi nyingi za zamani hazina. Ukiifunga tairi lisilo na tyubu, kona moja kali yenye upepo mdogo inatosha kulichomoa. Na kama ringi imeunganishwa kwa ribiti au spoku, upepo unavuja kwenye matundu yake.

"Si uweke tyubu tu?" Mara nyingi ndiyo, lakini si kila mara. Baadhi ya matairi ya kisasa yana mistari ya mpira upande wa ndani, nayo husugua tyubu ikipata joto mpaka itoboke. Tairi la radio linahitaji tyubu inayolifaa. Tena, shavu lake laini huisukuma ringi kwa namna ambayo chuma cha zamani, hasa chenye kutu au ufa, hakikutengenezwa kuihimili.

Kwa hiyo soma kabla ya kulipa. 7.50-16 ni tairi la nyuzi za mshazari, 7.50R16 ni radio. Usizichanganye kwenye ekseli moja. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1219 ni wiki ya 12 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa stoo miaka kumi si jipya, hata kama bado lina manyoya yake. Na ringi ya vipande, ile ya malori ya zamani, ijazwe upepo ndani ya kizimba cha chuma. Pete yake ikifyatuka, inaua.

Tairi likichakaa Arusha haliendi bure, linageuka katambuga na kuendelea na safari miguuni mwa mtu. Gurudumu halina maisha ya pili. Linabaki palepale chini ya gari, likivaa tairi moja baada ya jingine, na kila mara tunaulizia bei na umri wa tairi. Umri wa gurudumu hatuulizi, labda kwa sababu hata jina lake hatulitaji tena.