Galactica ya 1978 na Galactica ya 2003

Leo naacha habari za test na msosi wa kantini, nawaletea historia kidogo.

Mwaka 1978 televisheni ya ABC huko Marekani ilianza kuonyesha Battlestar Galactica. Maadui, Cylon, walikuwa maroboti ya chuma yenye jicho jekundu linalokwenda huku na huku. Ikadumu msimu mmoja tu, ila mashabiki hawakuisahau. Richard Hatch aliyecheza Apollo alihangaika miaka kibao ili iendelezwe, mpaka akatengeneza trela mwaka 1999.

Desemba 2003 Ronald D. Moore akaja na toleo jipya. Weee! Starbuck, zamani Dirk Benedict, sasa mwanamke, Katee Sackhoff. Cylon wengine wana sura za binadamu kabisa. Mashabiki wa zamani wakawaka: mmetuharibia! Benedict mwenyewe akaandika makala ya kulalamika.

Mimi nawaelewa, lakini nasimama na Moore. Roboti la chuma unaliona likija. Adui anayekula na wewe meza moja je? Tena meli yenyewe iliachwa ya kizamani makusudi, simu za waya na kompyuta zisizounganishwa, maana Cylon wangeziingilia. Yaani kila badiliko lilikuwa na kazi yake.

Kilichonigusa ni Hatch. Mwanzoni alipinga, baadaye akakubali kucheza Tom Zarek humohumo kwenye toleo alilolikataa. Alifariki 2017.

Ningekuwa mimi, sijui kama ningeweza kumeza hasira hivyo. Nyie je?